Kumi ya Nini? Asili ya Zaka na Hesabu Zake

Kiswahili kinahifadhi historia ya zaka ndani ya maneno yake. Kumi kwa Kiarabu ni ashara, na bado tunaisikia tukisema edashara au tukisoma habari za wale Thenashara. Mzizi huohuo ndio uliotupa neno ushuru, ambalo kwa asili lina maana ya mafungu ya kumi. Kiebrania kina maaser, Wababeli walikuwa na eshru, na yote ni maneno ya ukoo mmoja, yaliyozaliwa na hesabu ya kumi. Neno zaka lenyewe halina kumi ndani yake. Mzizi wake wa Kiarabu unabeba maana ya kutakasika na kukua. Kwa hiyo tukifuata asili ya maneno, kinacholipwa forodhani ndicho chenye jina la fungu la kumi, na kinachotolewa kwa ibada kina jina la usafi.

Naanza hapo kwa sababu mabishano mengi kuhusu zaka yanashika namba na kuacha swali. Kumi kila mtu anaijua. Swali gumu ni kumi ya nini, inatolewa lini, na inaliwa na nani. Kila jamii iliyotoa fungu la kumi ililijibu swali hilo kwa namna yake, na majibu hayo yametofautiana kuliko watu wanavyodhani.

Fungu la kumi halikuwa la Waisraeli peke yao. Katika karne ya 6 KK, hekalu la Eanna mjini Uruki na lile la Ebabbara mjini Sippar, huko Babeli, yalipokea eshru ya shayiri, tende na fedha, na makarani wakaandika nani ameleta nini kwenye vibao vya udongo ambavyo vingi vipo hadi leo. Wagiriki walimtengea mungu wao Apolo sehemu ya kumi ya nyara za vita. Wafalme nao waliitaka. Waisraeli walipomwomba Samweli awapatie mfalme, aliwaonya kwamba mfalme huyo atatwaa sehemu ya kumi ya mbegu na mizabibu yao awape maakida wake. Kwa hiyo fungu la kumi la Torati halikuwa namba ngeni katika nchi zile. Jipya lilikuwa pale lilipoelekezwa.

Kabla ya sheria kuna matukio mawili. Katika Mwanzo 14, Abramu anarudi vitani na kumpa Melkizedeki, mfalme wa Salemu, sehemu ya kumi. Tazama alichokitolea: nyara. Hazikuwa ng'ombe zake wala mavuno yake, na sehemu kubwa iliyobaki aliirudisha kwa mfalme wa Sodoma, akikataa kujibakizia hata uzi wala gidamu ya kiatu. Maandiko hayasemi kwamba aliamriwa, wala hayasemi kwamba alirudia. Tukio la pili ni Mwanzo 28, Yakobo akiwa Betheli: anaweka nadhiri kwamba Mungu akimlinda, akampa chakula na nguo na kumrudisha salama, atamtolea sehemu ya kumi ya vyote atakavyopewa. Hiyo ni nadhiri yenye masharti, tena ya mtu mmoja. Ukihubiri zaka kwa kutumia habari hizi mbili peke yake, umechukua zawadi na nadhiri ukaziita sheria.

Sheria yenyewe iko katika vitabu vitatu, na wengi husoma kimoja. Mambo ya Walawi 27 inasema kilicho kitakatifu: mbegu ya shamba, matunda ya mti, ng'ombe na kondoo. Hesabu 18 inasema mpokeaji: Walawi, kabila lililotumikia mahali pa ibada, kwa sababu hawakupewa ardhi. Kumbukumbu la Torati 14 inasema jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka, kwamba kuna zaka ambayo mtoaji anaila mwenyewe, pamoja na nyumba yake, mahali atakapopachagua Bwana, akifurahi. Safari ikiwa ndefu, anauza mazao, anafunga fedha mkononi, na akifika ananunua chochote roho yake inachotamani, kuanzia ng'ombe hadi divai. Na kila mwisho wa mwaka wa tatu, fungu hilo halisafiri. Linawekwa malangoni pa mji, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje kula.

Walimu wa Kiyahudi walioandika Mishna, mkusanyo wa sheria zao za mapokeo, yapata mwaka 200 BK, waliziunganisha sura hizo katika mzunguko wa miaka saba. Mwaka wa 1, 2, 4 na 5, mkulima alitenga zaka ya kwanza kwa Mlawi na zaka ya pili ya kuliwa Yerusalemu. Mwaka wa 3 na wa 6, nafasi ya zaka ya pili ilichukuliwa na zaka ya maskini. Mwaka wa 7 ardhi ilipumzika na zaka haikuwepo kabisa. Wapo waliohesabu tofauti. Kitabu cha Tobiti kinataja zaka tatu, na Yosefo, mwanahistoria wa karne ya 1, anasema ile ya maskini iliongezwa juu ya nyingine mbili katika mwaka wa tatu.

Tufanye hesabu ya Mishna kwa magunia 100 ya ngano, mwaka wa kwanza wa mzunguko. Kwanza inatoka teruma, fungu la kuhani. Torati haikulitajia kiasi, lakini walimu waliweka vipimo: mkarimu hutoa moja ya arobaini, mtu wa kawaida moja ya hamsini, bahili moja ya sitini. Kwa mtu wa kawaida yanatoka magunia 2, yanabaki 98. Zaka ya kwanza ni kumi ya hayo 98, yaani 9.8, siyo 10. Yanabaki 88.2. Zaka ya pili ni kumi ya hayo, yaani 8.82. Mkulima anabaki na 79.38. Mlawi naye hasalimiki: katika 9.8 aliyopokea, anatenga kumi yake, 0.98, na kumpa kuhani. Kitabu cha Hesabu, sura ya 18, kinaiita sehemu ya kumi ya hiyo zaka. Mlawi anayepokea zaka naye anatoa zaka.

Anayejumlisha kumi tatu akapata thelathini, akasema Waisraeli walitoa asilimia 30 kila mwaka, ameshaona kosa lake liko wapi. Katika mwaka huo wa kwanza, kilichoondoka mkononi mwa mkulima kabisa ni magunia 11.8. Yale 8.82 ya zaka ya pili aliyala yeye na watoto wake. Mwaka wa tatu ndio mzito: yanaondoka 20.62.

Upimaji wenyewe ulikuwa na kanuni kinyume na matarajio. Teruma ilitengwa kwa kukadiria kwa macho, bila kupima. Zaka ilipimwa kwa uangalifu, na kuzidisha ilikuwa kosa. Aliyetoa zaidi ya kumi, mazao yake yalihesabiwa kuwa sawa lakini zaka yake imeharibika, kwa sababu ile ziada haikuwa zaka. Ilikuwa nafaka ambayo bado haijatolewa kitu, sasa imechanganyika na fungu takatifu, na Mlawi aliyeila alikula kisichoruhusiwa bila kujua. Anayetaka kuongeza aiite zawadi, aitenge kando.

Sokoni nako kulikuwa na tatizo lake. Mnunuzi hakujua kama muuzaji ametoa zaka. Mazao ya namna hiyo, yenye shaka, yaliitwa demai. Walimu walikuta kwamba watu wa kawaida waliogopa kuacha teruma lakini wengine hawakutoa zaka, kwa hiyo mnunuzi mwangalifu alitenga sehemu moja kati ya mia, lile fungu la kuhani lililofichika ndani ya zaka ya Mlawi. Maskini waliruhusiwa kula demai bila kuihangaikia. Hukumu hiyo naipenda sana, maana inaonyesha kwamba waliotunga kanuni walikuwa wanaona nani yuko mezani.

Kwa wanyama, Mishna inaeleza kazi yenyewe kana kwamba umesimama zizini. Wanyama waliozaliwa mwaka huo wanaingizwa zizini, na zizi linaachiwa kitundu kidogo cha kutokea ili wawili wasiweze kupita pamoja. Mwenye kundi anasimama hapo na fimbo: mmoja, wawili, watatu, hadi tisa. Wa kumi akitokeza anapakwa rangi nyekundu mgongoni na mtu anasema, "Huyu ni zaka." Hakuna kuchagua. Awe mnono, awe kilema, wa kumi ndiye. Mambo ya Walawi inakataza kabisa kumkagua kama ni mwema au mbaya, na mtu akimbadilisha, wote wawili wanakuwa watakatifu, yule wa kwanza na yule aliyeletwa badala yake. Mwenye wanyama kumi hawezi kushika mmoja tu na kusema huyu hapa. Ni lazima wapite. Akikosea hesabu, akamwita wa tisa "wa kumi", wa kumi akamwita "wa tisa", na wa kumi na moja akamwita "wa kumi", wote watatu wanakuwa watakatifu, kila mmoja kwa hukumu yake. Na aliyekwisha kuhesabiwa akiruka akarudi katikati ya wasiohesabiwa, kundi lote lililobaki ndani linasamehewa, kwa kuwa haijulikani tena nani ni nani. Mnyama aliyenunuliwa au kupewa kama zawadi hakuingia kwenye hesabu. Zaka ilidai ongezeko la kundi lako, haikudai ulichokwisha kukilipia.

Kukomboa kulikuwa na bei. Mambo ya Walawi 27 inasema anayetaka kubaki na sehemu ya zaka yake ya mazao aongeze sehemu ya tano. Walimu waliisoma hiyo tano kuwa ya jumla baada ya kuongeza: kitu cha fedha 4 kinakombolewa kwa 5. Kwa hesabu ya leo hiyo ni nyongeza ya asilimia 25, siyo 20. Wanyama wa zaka hawakukombolewa hata kidogo.

Sasa tufike kwa nabii Malaki. "Leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Ghala hilo halikuwa mfano. Vilikuwa vyumba vya hekalu vya kuwekea nafaka, divai na mafuta, na Nehemia 13 inaonyesha vilivyokosa kitu. Chumba kikubwa cha zaka kilikuwa kimepewa Tobia, mpinzani wa Nehemia, akae na vyombo vyake. Walawi hawakupewa posho zao, kila mmoja akakimbilia shambani kwake, na huduma ikasimama. Nehemia, liwali wa Yuda, alivitupa nje vyombo vya Tobia, akakemea wakuu, zaka ikaanza kuletwa tena. Kisha akafanya jambo ambalo kila anayenukuu Malaki angepaswa kulinukuu pamoja nalo: aliweka watunza hazina wanne, kuhani, mwandishi, Mlawi na msaidizi wao, kwa sababu walihesabiwa kuwa waaminifu, na kazi yao ikawa kuwagawia ndugu zao. Ghala lililojaa ambalo halifunguliwi ni dhambi ileile ya kumwibia Mungu anayoikemea Malaki, upande wa pili wa mlango.

Agano Jipya linaitaja zaka mara chache. Yesu anawakemea waliotoa zaka ya mnanaa, bizari na jira wakaacha adili, rehema na imani. Hakuwaambia waache ile zaka, alisema hayo mengine yalipasa kufanywa kwanza. Paulo, akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hataji kumi. Anataka kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Didake, mwongozo wa Wakristo wa kale, unaagiza malimbuko yapewe manabii, na pasipo nabii, maskini.

Kumi ilirudi kanisani kama sheria huko Ulaya. Sinodi ya Mâcon mwaka 585 iliwaamuru waumini watoe, na mwaka 779 Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, akaifanya amri ya dola. Hapo ndipo swali la "kumi ya nini" lilipouma watu. Huko Uingereza ilihesabiwa kwa mavuno yote ghafi, kabla ya kutoa mbegu, vibarua na mbolea. Mganda wa kumi uliachwa umesimama shambani, na mkulima hakuwa huru kubeba tisa zake hadi za kumi zimetengwa. Mvua ikija kabla ya hapo, zote zililowa pamoja. Fikiria mavuno ya thamani 100 yaliyogharimu 80. Faida ni 20. Kumi ya mavuno ni 10, yaani nusu ya alichopata. Jirani yake aliyeacha ardhi iwe malisho, bila gharama kubwa, alitoa fungu dogo zaidi la faida yake. Kwa hiyo aliyejitahidi zaidi ndiye aliyebanwa zaidi.

Na mpokeaji alibadilika. Huko Uingereza, monasteri zilipovunjwa wakati wa mfalme Henry VIII, haki nyingi za kupokea zaka ziliuzwa kwa mabwana wasio na utumishi wowote kanisani, ambao waliendelea kuikusanya kama kodi ya pango. Huko Ireland, wakulima Wakatoliki walilazimishwa kuitoa kwa kanisa la Kianglikana ambalo hawakusali humo, na kuanzia mwaka 1831 upinzani wao uligeuka kuwa mapigano ya kumwaga damu. Ufaransa iliifuta mwaka 1789. Uingereza iliigeuza kuwa malipo ya fedha kwa sheria ya mwaka 1836, yakipimwa kwa wastani wa miaka saba wa bei ya ngano, shayiri na oti. Ujerumani leo ina kodi ya kanisa ya asilimia 8 au 9, na hapa wengi hukosea: ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, siyo ya mapato. Mwenye kipato cha 100 anayetozwa kodi ya 20 anatoa 1.8.

Uislamu ulilitazama tatizo la gharama tangu mwanzo, na kwa maoni yangu ndiyo hesabu iliyo wazi kuliko zote. Zaka ya mazao ni asilimia 10 kwa shamba la mvua, 5 kwa shamba linalomwagiliwa kwa gharama, na mashamba yaliyotumia vyote viwili kwa usawa hutolewa 7.5. Kazi ya mkulima imekwisha kuhesabiwa ndani ya kiwango. Inatolewa siku ya kuvuna, bila kungoja mwaka. Kwa wanazuoni wengi kiwango cha chini, nisabu, ni wasaki 5, yaani pishi 300, takriban kilo 650 za ngano, zikipimwa baada ya kukauka na kupepetwa. Abu Hanifa hakuweka nisabu kwa mazao. Fedha na dhahabu hufuata kanuni nyingine: nisabu ya gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha, ikae mwaka mzima, kisha itoke moja ya arobaini. Hapo kinachotozwa ni mali iliyotulia, tofauti na mapato ya mwezi. Mtu anayepata kingi na kukitumia chote kwa mahitaji yake hana zaka ya fedha, na mwenye kipato kidogo aliyelimbikiza anayo. Wapokeaji ni makundi manane yaliyotajwa katika sura ya At-Tawba, wa kwanza wakiwa mafakiri na masikini.

Wakristo wa leo hawana jibu moja. Waadventista wanatoa sehemu ya kumi ya mapato yao. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 222, inawawajibisha waamini kusaidia mahitaji ya Kanisa na maskini bila kutaja asilimia yoyote. Unayetaka kutoa kumi, amua kwanza msingi wako na uuandike. Kwa mwenye duka, msingi ni faida, siyo mauzo: toa bei ya bidhaa, pango, mishahara na usafiri, ndipo utenge kumi. Anayetenga kwenye mauzo huku faida yake ni asilimia 10 ametoa faida yote, na atakachokula yeye na nyumba yake kitatoka kwenye mtaji. Kwa mwenye mshahara, wengine huhesabu jumla kabla ya makato, wengine kilichofika mkononi. Maandiko hayakutaja karatasi ya mshahara. Mimi naona kodi uliyokatwa haikuwahi kuwa mavuno yako, lakini mkopo uliokatwa ulikuwa, kwa sababu fedha yake uliitumia. Ukitoa kwenye jumla leo, pensheni yako uliyoichangia isihesabiwe tena siku ukiipokea. Ukitoa kwenye baki, ihesabiwe siku hiyo.

Wayahudi wanaotoa kumi ya fedha wana desturi mbili zinazofaa kuigwa. Hasara na faida za kipindi kimoja cha hesabu huunganishwa kabla ya kutenga, kwa hiyo tarehe ya kufunga hesabu huchaguliwa mara moja na kushikiliwa. Na mtu wa kawaida asizidishe moja ya tano ya mali yake, asije akageuka mhitaji.

Kwa Mwislamu tarehe hiyo ina hesabu ya ziada. Mwaka wa zaka ni wa mwezi mwandamo, siku 354. Ukifunga vitabu vyako vya biashara kwa kalenda ya miladia, siku 365, kiwango kinapanda kutoka asilimia 2.5, ile moja ya arobaini, hadi takriban 2.58, la sivyo kila mwaka unapunja siku 11, na kwa miaka 33 utakuwa umeruka zaka ya mwaka mzima.